Meza ya Mifuko Getini kwa Ivor

3 Aprili

Nimerudi kutoka mkutano wa kamati na bado sijavua koti. Naandika nimesimama jikoni, kwa sababu nikiketi nitaandika matusi.

Mwenyekiti wetu mpya, Dorian Pettifer, ametangaza kwamba Siku ya Nyundo, siku ya chama chetu kufyatua bunduki kongwe, mwaka huu haitafanyika shambani kwa Ivor Preece. Hakupendekeza, alitangaza. Kwa miaka thelathini na mmoja siku hiyo imefanyika Upper Yeld, kwenye konde la chini la Ivor, na katika kumi na tisa ya miaka hiyo mimi ndiye mtafuta viwanja wa chama. Mtafuta viwanja hakuulizwa.

"Sababu yake, Mwenyekiti?" nikasema.

"Ni wakati wa kubadilisha, Mwalimu."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni sentensi."

Glenys Mapp, anayetupikia pai na kutuendesha kwa gari lake la mizigo, alichekea ndani ya kikombe. Dorian hakucheka. Ana miaka hamsini na minne, anauza nyumba za watu, anavaa tai ya hariri. Lakini mimi nilimfundisha kemia akiwa na miaka kumi na minne, na uso ule naujua. Ni uso wa mtu ambaye hakufanya kazi aliyopewa.

Wala si ajabu. Mwaka jana, Siku ya Nyundo yenyewe, alikuja kwenye mstari wa kufyatulia bila risasi za kutosha. Akanijia, "Mwalimu, niazime mbili tatu," akatia mkono mfukoni mwangu kabla sijajibu, akatoka na konzi nzima. Nilimkemea mbele ya watu wote. Nilimwambia kwamba asiyeweza kuhesabu risasi zake mwenyewe asishike bunduki. Akainamisha kichwa, akasema, "Samahani, Mwalimu." Na huyo ndiye anayetuchagulia uwanja!

4 Aprili

Nimelala, nimepoa kiasi. Daftari hili litabaki kwa atakayerithi kazi yangu, kwa hiyo acha nieleze mambo yalivyo, maana hasira bila maelezo haimsaidii mtu.

Bunduki zetu ni za marisau, yaani punje ndogo nyingi ndani ya risasi moja, za mitutu miwili, na nyingi zimepita umri wa miaka mia na ishirini. Nyundo zake ziko nje, unazivuta kwa kidole gumba. Mitutu yake ilitengenezwa kwa kusokota chuma laini na chuma kigumu pamoja, kama mtu anavyosuka nywele, ndiyo maana ina mawimbi ya kupendeza. Ni mizuri, na ni dhaifu. Haivumilii risasi za kisasa zenye nguvu. Hatuwindi kitu, tunapiga visahani vya udongo vinavyorushwa na mtambo, tunakunywa chai, tunabishana.

Uwanja unaotufaa lazima uwe na jua mgongoni mwa wapigaji, mita mia tatu mbele bila mtu wala mnyama, na pasiwe na njia ya waenda kwa miguu. Upper Yeld ina yote hayo. Tena ina meza.

Meza hiyo ni mlango wa zizi la zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili, hapo getini. Kila anayeingia hukung'uta mifuko yake yote juu yake, na Ivor huangalia. Sababu ni hii: bunduki zetu ni namba kumi na mbili. Risasi ya namba ishirini ni nyembamba kidogo, nayo hutengenezwa kwa rangi ya njano ili ijulikane. Ukiiingiza kwa bahati mbaya kwenye bunduki namba kumi na mbili, inateleza ndani ya mtutu na kukwama. Unafyatua, hakuna kitu. Unafikiri umesahau kujaza. Unajaza ya namba kumi na mbili nyuma yake, unafyatua tena, na mtutu unapasuka mahali hasa ulipoweka mkono wako wa kushoto. Namjua mtu aliyepoteza vidole vitatu hivyo.

Ndiyo maana kuna meza. Mbele yake kila mtu ni sawa, na Ivor ndiye hakimu. Mkewe alipofariki aliniambia kwamba siku hiyo moja ndiyo inayomfanya akate nyasi za konde. Ana miaka themanini na mitatu. Ukimnyang'anya Siku ya Nyundo, umemnyang'anya mwaka mzima. Sitakubali.

19 Aprili

Mvua. Nimempigia Dorian simu mara tatu. Yuko na mteja, yuko na mteja, yuko na mteja.

2 Mei

Nimekwenda kwa Ivor. Kondoo wamezaa vizuri, uzio wa mtoni umeanguka. Alinisikia nikifunga geti, akaita, "Hester, ni wewe? Ingia, mbwa hana meno."

Nikamweleza yote. Nilimweleza katiba ya chama, kifungu cha saba, kinachosema viwanja vitateuliwa baada ya kusikiliza maoni ya mtafuta viwanja. Nilimweleza kwamba ana haki ya kuandika kwa kamati. Alikuwa akimimina chai, akaimimina mpaka ikajaa sahani na kuanza kutiririkia mezani.

"Ivor! Chai!"

"Ah. Umenichanganya na vifungu vyako."

"Huna hasira?"

"Nina kondoo mia na arobaini, Hester. Hasira nitaiweka wapi?"

Ameumia, naona. Wanaume wa milima hii wakiumia wanazungumzia kondoo.

17 Mei

Nimempelekea Dorian orodha ya viwanja vinne, kila kimoja na ramani na mwelekeo wa jua. Upper Yeld nimeiweka ya kwanza. Jibu: "Asante Mwalimu, nitaangalia." Mwanafunzi akiniandikia hivyo nilikuwa namrudishia daftari.

29 Mei

Ameshachagua. Hoteli ya Askerley. Inafanya harusi.

6 Juni

Glenys amenipeleka kuiona hoteli. Naandika haya nikiwa na furaha mbaya, na sioni aibu.

Ni nyumba kubwa nyeupe iliyokaa mbele ya ziwa. Kuna bata maji, kuna boti iliyofungwa utepe, kuna kijana wa mapokezi aliyetuita "mabibi wapendwa" na kutuletea maji yenye matango.

"Tango kwenye maji," Glenys akaninong'oneza. "Saladi imezama."

"Kaa kimya, tunapeleleza."

"Pai zangu zitapitia mlango gani hapa? Wa watumishi?"

Meneja akatuonyesha mahali pa kufyatulia. Pazuri, nakubali. Visahani vinaruka juu ya ziwa. Nikamwuliza, kwa upole wote, marisau yanaangukia wapi.

"Majini, bibi. Ndiyo sababu tunaruhusu marisau ya chuma tu. Yale ya zamani ni sumu kwa ndege."

"Ya chuma tu?"

"Tu. Na risasi tunauza sisi, hakuna anayekuja na zake."

Nilitaka kumkumbatia. Nieleze: marisau ya zamani ni ya madini ya risasi, laini, yanajibana kidogo yanapopita kwenye mtutu. Ya chuma hayajibani. Ukiyapitisha kwenye mitutu yetu ya kusokotwa utaikwaruza, utaitia uvimbe, na siku moja utaipasua. Meneja ana haki kabisa, ndege ni ndege. Lakini mwenyekiti wa chama cha bunduki kongwe ametuchagulia mahali pekee katika wilaya tatu ambapo hakuna bunduki hata moja ya chama inayoweza kufyatuliwa. Sharti lenyewe liko ukurasa wa pili wa karatasi yao. Amesoma wa kwanza, ulio na picha.

"Mwonee huruma kidogo," Glenys akasema tukirudi.

"Kwa nini?"

"Sijui. Ana sura ya mtu aliyemeza kitu."

12 Juni

Mkutano wa kamati. Nilisoma ukurasa wa pili kwa sauti, polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomea wanafunzi masharti ya maabara. Nilipomaliza nikauliza, "Mwenyekiti, marisau ya chuma yakipita kwenye mtutu wa kusokotwa, nini hutokea?"

"Najua nini hutokea, Mwalimu."

"Waeleze wenzako."

Masikio yake yakawa mekundu. Akaeleza, na alieleza sawasawa. Akasema, "Sikusoma. Kosa ni langu. Askerley imefutwa."

"Vizuri. Basi tunarudi kwa Ivor."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Kwa Ivor haturudi. Nipeni uwanja mwingine wowote na nitaukubali leo hii. Lakini si kwa Ivor."

"Tunakuuliza sababu, mwanangu."

"Na mimi sitaitoa."

Mtu anayekubali kosa lake lote kisha anakataa kulirekebisha! Sijawahi kuona kiburi kilichovaa unyenyekevu namna ile. Nimefika nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

24 Juni

Joto. Nyasi zinakatwa kila mahali, napiga chafya.

5 Julai

Kwa Ivor tena. Nilimpelekea nakala ya kumbukumbu za mkutano ili aone kwa macho yake jinsi alivyotupwa. Akaichukua, akaishika, akanirudishia.

"Soma wewe. Miwani yangu iko juu."

"Nikuletee?"

"Soma, Hester."

Nikasoma. Nilipofika pale Dorian anaposema si kwa Ivor, akageuza uso dirishani. Nikamweleza kwamba kuna njia ya kumlazimisha, kwamba wanachama kumi na watano wakitia saini mkutano mkuu lazima uitishwe. Nilieleza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mwache yule kijana."

"Kijana! Ana kitambi!"

"Mwache tu, mama."

Amekata tamaa kabisa. Kondoo wangu mimi ni maneno, na nitayatumia.

14 Julai

Nimetuma barua kwa wanachama wote arobaini na mmoja. Kurasa mbili. Nimesema mwenyekiti hana uangalifu, na nimetoa mifano: Askerley, na zile risasi alizonichukulia mfukoni mwaka jana. Nimesema anamfukuza mzee mjane kutoka kwenye konde lake mwenyewe kwa sababu konde halina maji ya matango. Sentensi hiyo nimeipenda. Nimeomba saini.

22 Julai

Saini kumi na moja. Wawili wamejiuzulu, hawasemi kwa hasira juu ya nani.

Nimekutana na Dorian kwenye foleni ya mkate. Nilijiandaa kwa vita.

"Nimeipata barua yako, Mwalimu," akasema. "Imeandikwa vizuri."

Akachukua mikate yake miwili, akaenda. Glenys, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Umemla mzima mzima, hata mifupa hukutema."

"Angejibu basi!"

"Labda hana la kusema." Akafikiri. "Au analo."

9 Agosti

Saini kumi na tatu. Wiki sita zimebaki na hakuna uwanja. Mvua ya mawe imeangusha matufaha yangu yote.

23 Agosti

Naandika polepole.

Nilikuwa na saini kumi na nne. Ya kumi na tano ilikuwa ya Ivor mwenyewe; ni mwanachama kama sisi. Nikaenda asubuhi na karatasi na kalamu, na hotuba.

Nilimkuta uani akinoa mundu, akipima makali kwa kidole, bila kuutazama. Nikaweka karatasi juu ya ukuta.

"Hapa, Ivor. Saini moja tu, na Siku ya Nyundo inarudi nyumbani."

"Sitii saini."

"Najua unaogopa kumsumbua mtu. Acha nikueleze..."

"Hester."

"...kifungu cha kumi na mbili kinasema wazi..."

"Hester, nyamaza!"

Miaka arobaini namjua mtu huyu. Hajawahi kunipandishia sauti, hata nilipogonga geti lake kwa gari. Mbwa alisimama.

"Kaa hapo," akasema. "Usieleze kitu."

Akaingia ndani, mkono mmoja ukifuata ukuta. Nilimwona akifuata ukuta. Nikajiuliza ni tangu lini anafuata ukuta wa nyumba aliyozaliwa ndani yake. Akarudi na kopo la tumbaku, akalifungua, akalishika mbele yangu. Ndani mlikuwa na risasi moja ya njano.

"Rangi gani hiyo?" akauliza.

"Njano. Namba ishirini."

"Mimi sioni. Naona kopo pembeni, naona kofia yako pembeni. Katikati pamekufa. Macho yalianza kuharibika miaka miwili iliyopita, na hayana dawa. Mwaka jana risasi hii ilipita kwenye meza yangu mbele ya pua yangu, na mimi nikasema, sawa, pita."

"Ya nani?"

Alikuwa amegeuza kichwa upande, kama kuku, ili anione.

"Ulikuwa unamweleza mtu nyuma yako habari ya mitutu," akasema. "Umekung'uta mifuko huku umegeuka. Nikapapasa, na vidole vyangu navyo ni vya mfugaji, havisikii. Ukazizoa zote, ukapita. Dorian alikuwa wa tatu kwenye foleni. Yeye aliiona."

Nilijua kabla hajamaliza. Aprili ya mwaka jana nilipiga visahani na bunduki ya binti wa dada yangu, namba ishirini, nikiwa na koti lile lile. Bitana ya mfuko wa kulia imetoboka tangu siku nyingi. Kitu kikiingia pale kinakaa, kisha siku moja ukikung'uta sana kinatoka.

Na nikamwona Dorian tena, kwenye mstari. Mwalimu, niazime mbili tatu. Mkono mfukoni mwangu kabla sijajibu. Konzi nzima.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Mbele ya watu wote? Wewe, Mwalimu wa kila mtu? Alikuja kwangu jioni, akaiweka hii mezani, akaniambia ni ya rangi gani na imetoka mfukoni mwa nani. Nikamwambia: hapa hakuna Siku ya Nyundo tena. Sitaki mtu apoteze mkono getini kwangu. Na nikamwapisha asikwambie."

"Kwa nini, Ivor? Mimi?"

"Kwa sababu ungenieleza!" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Ungekuja hapa kila siku na vitabu vya macho. Ungenieleza jinsi ya kuwa kipofu. Tangu Aprili umekuja hapa mara ngapi kunitetea? Umeniuliza hata mara moja ninataka nini?"

Sikuwa nimemwuliza. Nimepekua daftari hili sasa hivi, ukurasa kwa ukurasa. Nimeuliza kama ana hasira. Nimeuliza kama nimletee miwani. Hilo sikuuliza.

Nikamwuliza, basi, pale pale uani, "Unataka nini?"

"Nataka nyasi zangu zikue. Na nataka mnifuate na gari siku hiyo, mnipeleke popote mtakapokuwa, nikae niwasikie. Basi."

Nimechana karatasi yenye saini kumi na nne. Nimekaa garini nje ya geti lake, pale panapowekwa meza, na nimekuwa na hasira kuliko siku zote za msimu huu. Nina hasira na mwanamke aliyepita pale akiongea. Nina hasira na Ivor pia, na sitaifuta sentensi hii: tangu Aprili aliniacha nipige kelele. Na nina hasira na kijana yule kwa kusema "Samahani, Mwalimu," kwa sababu nilimwamini.

24 Agosti

Barua ya pili kwa wanachama arobaini na mmoja. Hii haikufika ukurasa. Nimeandika kwamba mwaka jana nilipita mezani na risasi ya njano mfukoni kwa sababu nilikuwa naongea; kwamba Dorian Pettifer aliitoa kwa ujanja kabla sijaumia, akavumilia kukemewa, akavumilia na barua yangu; kwamba ana sababu njema ya kutorudi Upper Yeld, ninaijua, na si yangu kuitoa. Macho ya Ivor hayamo. Nimeomba radhi mara moja tu. Mara mbili ingekuwa maelezo.

28 Agosti

Nimekwenda ofisini kwa Dorian. Alisimama nilipoingia, kama darasani.

"Keti, mwanangu. Nimekuja kukemewa."

"Sina mazoezi hayo, Mwalimu."

"Ungeniambia pembeni. Mtu mzima kwa mtu mzima."

"Nilijaribu. Siku ile ile, penye chai. Nikasema, Mwalimu, naomba dakika moja." Akachezea tai yake. "Ukanieleza jinsi ya kuhesabu risasi. Kwa kuzipanga tano tano."

Nakumbuka. Niliona nilifafanua vizuri.

"Na Askerley?" nikamwuliza. "Ile nayo ulikuwa unamlinda mtu?"

"Ile ilikuwa ujinga wangu mtupu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Aprili. "Nilipenda boti."

Tukacheka, si sana. Kisha akasema tumebakiwa na wiki tatu, na hakuna uwanja, na mtafuta viwanja ni mimi.

31 Agosti

Viwanja viwili nimeviona leo. Cha kwanza kina farasi. Cha pili kina jua usoni.

6 Septemba

Machimbo ya mawe ya Pell. Yamefungwa miaka minane, mwenyewe ni shemeji yake Glenys. Ukuta wa mawe wa mita arobaini unazuia marisau yote, sakafu ni kokoto, hakuna maji, hakuna ng'ombe, jua liko nyuma mchana kutwa. Ni pabaya kwa sura kuliko mahali pote nilipowahi kupendekeza.

Nimempeleka Dorian. Nilianza kumweleza mwelekeo wa jua, nikajikata.

"Unaonaje wewe?" nikasema.

Alizunguka pote kwa miguu, akasoma masharti ya shemeji, mbele na nyuma, akageuza karatasi mara ya pili kuhakikisha hakuna ukurasa mwingine. "Choo?" akauliza.

Nilikuwa nimesahau choo. Miaka kumi na tisa ya kazi!

13 Septemba

Ukungu. Choo kimepatikana. Nimeshona bitana ya koti, mishono midogo, mara mbili.

20 Septemba, Siku ya Nyundo

Watu thelathini na sita, hata wale wawili waliojiuzulu. Glenys alimleta Ivor katika kiti cha mbele cha gari la mizigo, pai zote zikiwa mapajani mwake.

"Nimezihesabu kwa kunusa," akatangaza. "Moja ina vitunguu vingi mno."

"Shuka, mzee mjanja," Glenys akamwambia, akampa mkono.

Tulimwekea kiti nyuma ya mstari, blanketi magotini. Mwangwi wa machimbo ulikuwa mkubwa kuliko nilivyokadiria. Kila mlio uligonga ukuta na kurudi ukiwa mzito. Nilidhani utamsumbua. Baada ya dakika kumi alikuwa akitaja bunduki moja moja kwa mlio wake, na nani anaishika. "Huyo Dorian. Amechelewa kufyatua. Tena. Amechelewa tena." Watu wakaanza kusogea karibu naye ili wasikie hukumu zao.

Lakini naruka. Asubuhi, kabla ya yote, palikuwa na geti. Dorian alikwenda jana na gari la kukodi mpaka Upper Yeld, Ivor akampa ule mlango wa zizi na mapipa yote mawili. Basi meza ilikuwa pale. Nyuma yake alisimama mwenyekiti, bila tai, mikono mitupu, na foleni nzima nyuma yangu.

"Mifuko, Mwalimu."

Nikakung'uta. Leso, pipi za mnanaa, penseli, risasi kumi na mbili nyekundu. Alizichukua moja moja, akaitazama kila moja, kisha akaijaribu kwenye pete ya kipimo aliyotengenezewa na fundi, ambayo namba ishirini tu hupenya, maana macho ni ya mtu, na mtu huchoka. Sikuwahi kuifikiria pete ile. Kisha akasema, "Na koti."

Nilivua koti nikampa. Akatia mkono mfuko wa kulia mpaka chini, akapapasa bitana pembe hadi pembe.

"Umeshona," akasema.

"Nimeshona."

Akanirudishia koti, akanifungulia geti. "Pita, Mwalimu."

Nikapita. Aliyekuwa nyuma yangu, mgeni, aliniuliza ile pete ni ya nini. Nilifungua mdomo. Nikamwonyesha Dorian kwa kidole, nikaenda kumtafuta Ivor mahali pa kukaa pasipo na upepo.